Filimbi ya kifuani: tuelewe pumu ya watoto wetu



Juma hili tunazungumza juu ya ugonjwa ambao wengi wetu tunaujua kwa masikio kabla ya kuujua kwa jina. Ni ile filimbi ndogo inayotoka katika kifua cha mtoto usiku, nyumba yote ikiwa imelala. Kwa Kiswahili unaitwa pumu. Hapa kwetu Kalemie wengi wanasema asima, kwa kufuata Kifaransa. Majina ni mawili, ugonjwa ni mmoja.

Tumechagua habari hii kwa sababu kila kiangazi kinapoingia na vumbi la barabara kuanza kupanda, sisi walimu tunaona viti vitupu darasani. Tukiuliza, tunajibiwa: "Mwalimu, kifua kimemkamata." Mtoto anarudi baada ya siku tatu, anakaa juma moja, anapotea tena. Mwisho wa mwaka anarudia darasa, na watu wanasema hana akili. Kumbe akili anayo, ila pumzi ndiyo haimtoshi. Na mara chache, lakini inatokea, mtoto hafiki hospitali. Kwa mtoto mwenye pumu, mambo hayo yote mawili yanaweza kuzuiwa mara nyingi, kama nyumba na shule zinajua la kufanya.

Kifuani kunatokea nini?

Tufikirie ziwa letu. Ziwa Tanganyika linapokea maji ya mito mingi: Ruzizi kutoka kaskazini, Malagarasi kutoka Tanzania, na mingine midogo mingi. Lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga yetu. Mlango huo ukijaa mchanga na majani, maji yanaendelea kuingia lakini hayatoki vizuri. Mvua zikizidi, ziwa linapanda mpaka ndani ya nyumba za watu, kama tulivyoona mwaka 2021 na tena 2024.

Kifua cha mtoto mwenye pumu kinafanana na hilo. Ndani ya mapafu kuna mirija midogo ya kupitisha hewa. Mirija hiyo kwake ni myepesi kukasirika. Ikichokozwa na moshi, vumbi, baridi au mafua, mambo matatu yanatokea pamoja: ngozi ya ndani ya mirija inavimba, misuli inayoizunguka inabana, na makamasi mazito yanajaa. Hewa bado inaingia kwa nguvu, lakini inashindwa kutoka. Ndiyo maana filimbi inasikika zaidi mtoto anapotoa pumzi, na ndiyo maana anakaa wima na kuinua mabega: kifua kimejaa hewa ya zamani isiyopata njia.

Shambulio likiisha, mirija inafunguka na mtoto anaonekana mzima kabisa. Hapo ndipo tunadanganyika. Ule uvimbe wa ndani unaweza kubaki hata siku ambazo hakohoi. Pumu ni ugonjwa wa muda mrefu unaokuja na kupumzika. Si kikohozi cha kumalizwa kwa chupa moja ya siro.

Si kila filimbi ni pumu

Hapa tunaomba uangalifu. Mtoto chini ya miaka 5 anaweza kutoa filimbi kwa sababu ya mafua tu, na wengi wao wanapokua inaisha. Nimonia inakuja na homa na kupumua haraka haraka, na inaua upesi. Kifua kikuu kinaleta kikohozi kinachopita majuma mawili, kupungua uzito na jasho la usiku, na dawa zake zinatolewa bure. Tena mtoto anayeanza kukohoa na kukabwa ghafla alipokuwa akicheza na karanga au punje za mahindi, pengine punje imeingia kwenye njia ya hewa. Hiyo ni safari ya hospitali saa ile ile.

Pumu yenyewe tunaishuku tukiona dalili hizi zikirudi mara kwa mara: kikohozi cha usiku au cha alfajiri, filimbi kifuani, kifua kubana, kukosa pumzi baada ya kukimbia au kucheka sana. Tunaishuku zaidi kama baba, mama au ndugu anayo, au kama mtoto mwenyewe ana upele wa kuwasha na kupiga chafya kila mara. Lakini anayesema hakika ni daktari au muuguzi aliyemsikiliza kifua. Sisi kazi yetu ni kumpeleka, na kusimulia vizuri.

Ili kusimulia vizuri, tunawashauri wamama kuchukua daftari moja la zamani la shule. Andika tarehe, saa kikohozi kilipoanza, mtoto alikuwa wapi, nini kilipikwa, hali ya hewa ilikuwaje, dawa gani ilitolewa na ilisaidia baada ya muda gani. Mama asiyejua kuandika amwombe mtoto mkubwa wa nyumbani. Majuma manne ya daftari hilo yanamsaidia daktari kuliko neno "anakohoaka sana".

Ni wengi, lakini hawajulikani

Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwa ajili yake. Wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi zenye kipato kidogo kama yetu. Tofauti haiko katika ukali wa ugonjwa. Iko katika kutambuliwa na kupata dawa.

Uchunguzi mmoja uliofanywa mashuleni Afrika unaonyesha jambo hilo wazi. Wachunguzi waliuliza wanafunzi zaidi ya 27,000 wa miaka 12 hadi 14 katika miji sita: Kampala, Blantyre, Harare, Durban, Lagos na Kumasi. Matokeo yalitolewa mwaka 2024. Zaidi ya watoto 3,000 walikuwa na dalili za pumu. Lakini waliokuwa wamekwisha kuambiwa na mganga kwamba wana pumu walikuwa 600 hivi tu. Maana yake, katika kila watoto watano wenye dalili, wanne walikuwa wanateseka bila jina la ugonjwa wao. Kalemie haikuwa kati ya miji hiyo. Lakini kila mwalimu anayesoma habari hizi anaweza kufikiria darasa lake na kuanza kuhesabu.

Vinavyoamsha pumu nyumbani kwetu

Kila mtoto ana vichokozi vyake, na daftari litavionyesha. Hapa kwetu vya kawaida ni hivi.

Moshi ni wa kwanza. Tunapikia makala na kuni karibu sisi wote. Mbabula ikiwashwa ndani wakati wa mvua, au samaki wakikaushwa kwa moshi karibu na chumba cha kulala, mtoto anavuta moshi huo pamoja na mama. Hatuwezi kusema "nunueni gazi" kwa mama ambaye makala yenyewe anayanunua kwa kopo. Tunaweza kusema: washa mbabula nje, ingiza ndani makala yakiwa yameshika vizuri, fungua dirisha na mlango, na usimbebe mgongoni mtoto mwenye pumu unapopuliza moto. Makala hata yakiwa mekundu bila moshi yanatoa hewa yenye sumu, basi usilale na mbabula ndani ya chumba kilichofungwa. Kuni zikauke kabla ya kutumiwa. Baba anayevuta sigara avutie nje, mbali na watoto. Takataka za salongo tusizichome karibu na nyumba, hasa plastiki.

Vumbi ni la pili. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, au pangusa kwa kitambaa chenye maji, na mtoto mwenye pumu asiwe yeye anayefagia. Blanketi na mito vianikwe kwenye jua kali na kukung'utwa nje kila juma, kwa sababu ndani yake kuna wadudu wadogo wasioonekana kwa macho ambao wanakasirisha mirija.

Unyevu ni wa tatu. Nyumba zilizoingiliwa na maji ya ziwa au ya mto, na vibanda vya bashi ambamo ndugu zetu waliohamishwa na vita wanaishi, vinaota ukungu mweusi ukutani. Ukungu huo ufutwe kwa maji na sabuni, hewa na jua viingie, na kitanda kisogezwe mbali na ukuta ule.

Kisha kuna mafua, baridi ya alfajiri, manukato makali, dawa za kunyunyizia wadudu na zile za mbu zinazochomwa usiku. Kwa mbu, chandarua kinafaa zaidi: kinamkinga mtoto na malaria na hakina moshi.

Dawa mbili, kazi mbili

Hapa ndipo makosa mengi yanafanyika mjini, na hapa ndipo tunaomba kusomwa polepole.

Dawa ya kwanza ni ya kufungua. Inaitwa salbutamol, wengi wanaijua kwa jina la Ventolin. Inavutwa kwa pompi, ambayo mara nyingi ni ya rangi ya buluu. Inalegeza misuli ya mirija ndani ya dakika chache. Ni dawa ya kuzima moto. Haiponyi uvimbe wa ndani.

Dawa ya pili ni ya kukinga. Majina yake ni beclometasone au budesonide, nayo inavutwa. Hiyo inapunguza uvimbe polepole. Inatolewa kila siku, hata mtoto akiwa mzima, na nguvu yake inaonekana baada ya siku na majuma. Mama wengi wanaiacha kwa sababu mtoto amepona. Ni kama kuacha kuziba ufa kwa sababu ukuta bado umesimama. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Baada ya kuivuta, mtoto asukutue mdomo kwa maji na kutema, ili asipate vidonda vyeupe mdomoni.

Si kila mtoto anahitaji ya pili. Daktari atauliza maswali manne juu ya majuma manne yaliyopita, nawe unaweza kuyajibu kabla kwa daftari lako. Je, alikuwa na dalili mchana zaidi ya mara mbili kwa juma? Je, aliamshwa usiku na kikohozi? Je, alihitaji dawa ya kufungua zaidi ya mara mbili kwa juma? Je, aliacha kucheza au kwenda shule kwa sababu ya pumzi? "Ndiyo" hata moja inaonyesha kwamba pumu haijatulizwa. Zikiwa tatu au nne, usikawie kumrudisha kwa daktari.

Sasa juu ya vitu vinavyouzwa kandokando. Siro na vidonge vya salbutamol vinafanya kazi polepole kuliko pompi, na vinatetemesha mikono na kupigisha moyo mbio, kwa sababu dawa inazunguka mwili mzima kabla ya kufika kifuani. Antibiotiki haitibu pumu. Vidonge vya dexa vinavyonunuliwa bila karatasi ya daktari ni hatari: vinatuliza kweli, ndiyo sababu vinapendwa, lakini vikirudiwa rudiwa vinamvimbisha mtoto uso, vinazuia asikue, na vinapunguza nguvu za mwili kupigana na magonjwa. Daktari anaweza kutoa dawa ya jamii hiyo kwa siku chache katika shambulio kali. Hiyo ni tofauti na mama kuinunua kila mwezi kwenye kibanda. Na kukata kilimi cha kooni hakutibu pumu. Kunaleta damu na vidonda vya kuoza.

Chupa ya maji inayookoa

Mtoto mdogo hawezi kubonyeza pompi na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja. Dawa inabaki mdomoni na mama anasema pompi haifai. Hospitali kubwa zina chombo cha plastiki cha kuunganisha pompi na mdomo, lakini ni ghali na hakipatikani kila mahali.

Huko Cape Town, daktari wa watoto Heather Zar na wenzake walijaribu chupa ya kawaida ya plastiki ya mililita 500 mahali pa chombo hicho, kwa watoto waliokuwa katika shambulio. Mwaka 1999 walionyesha katika gazeti la kitabibu The Lancet kwamba chupa ile ilisaidia sawa na chombo cha kununua.

Inatengenezwa hivi. Chukua chupa safi ya maji ya kunywa ya nusu lita. Ioshe kwa maji na sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuipangusa ndani. Pasha waya moto, toboa kitako cha chupa tundu lenye umbo la mdomo wa pompi, ili pompi iingie na kubana bila hewa kupita pembeni. Tikisa pompi, ichomeke kitakoni. Mtoto anashika shingo ya chupa kwa midomo. Bonyeza mara moja, naye apumue ndani na nje polepole mara nne hadi sita. Kisha tikisa tena na kubonyeza mara ya pili. Usibonyeze mara mbili kwa pamoja. Mtoto chini ya miaka 4 hivi anahitaji kifuniko cha kufunika pua na mdomo, basi mwombe muuguzi akuonyeshe.

Shambulio likija

Mkalishe mtoto wima, usimlaze. Legeza nguo. Ondoa watu wanaomzunguka na moshi wote. Sema naye kwa sauti ya utulivu, maana hofu ya mama inamwingia mtoto. Mpe dawa ya kufungua kwa chupa, kwa idadi aliyoandika daktari. Huko Australia wanafundisha walimu hesabu nyepesi ya nne: mara 4, moja moja, kila moja na pumzi 4, ngoja dakika 4, kama bado, mara 4 tena, kama bado, hospitali, huku ukiendelea kumpa njiani.

Usingoje hata kidogo, tafuta pikipiki, ukiona dalili hizi: hawezi kumaliza sentensi, hawezi kunywa wala kunyonya; ngozi katikati ya mbavu inaingia ndani; midomo, ulimi au kucha vimekuwa vya kijivu au buluu; amelegea na kusinzia; filimbi imenyamaza lakini bado anahangaika. Hiyo ya mwisho inadanganya watu. Kifua kilichonyamaza hivyo hakijapona: hewa haipiti tena.

Maneno tunayoyasikia

"Ukianza pompi, hutaiacha." Hapana. Pompi haizoeshi mwili kama pombe. Mtoto anaitumia kwa sababu ugonjwa upo, na ukitulia daktari anapunguza.

"Pumu inaambukiza." Hapana. Mtoto anaweza kula sahani moja na kulala kitanda kimoja na wenzake.

"Kinachokuja usiku tu ni uchawi." Mirija ya hewa ya kila mtu inabana kidogo kuelekea alfajiri, kwa mwenye pumu inabana zaidi, tena yuko kwenye blanketi lenye vumbi na chumba kimefungwa. Tunasema hili kwa uzito, kwa sababu tunajua mahali ambapo neno hilo linampeleka mtoto. Mama aombe kwa Mungu wake, ni haki yake. Lakini mtoto asifungishwe chakula, wala asiitwe mchawi, wala dawa yake isitupwe.

"Asikimbie, atakufa." Haile Gebrselassie wa Ethiopia ana pumu. Alishinda medali ya dhahabu ya mita 10,000 katika Olimpiki za 1996 na 2000. Mwaka 2008 alikataa kukimbia maratoni ya Beijing kwa sababu ya hewa chafu, na mwezi wa tisa mwaka huo huo akavunja rekodi ya dunia ya maratoni huko Berlin, kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 59. Alijua wakati wa kukimbia na wakati wa kukataa. Mtoto wetu naye aanze polepole, apate dawa kabla ya mchezo kama daktari alivyosema, apumzike akihitaji.

Shule na vikundi vyetu

Tunawaomba wamama: mtuambie. Mwanzo wa mwaka, leta karatasi yenye jina la mtoto, dawa yake, idadi ya kubonyeza na namba ya simu. Pompi isifungiwe ofisini ambako ufunguo una mtu mmoja. Ikae karibu na mtoto. Sisi walimu nasi tunyunyize maji kabla ya usafi wa asubuhi, tumtoe mtoto huyo kwenye zamu ya ufagio, tufute ubao kwa kitambaa chenye maji, tumkalishe penye hewa mbali na ubao, na tusimwite mvivu.

Kwa vikundi vya AVEC na likelemba: pompi moja ya salbutamol kwa kawaida ina mabonyezo 200. Mama mmoja kuilipa siku ya shambulio, usiku, ni vigumu. Wamama ishirini kuitoa katika mfuko wa mshikamano kabla ya kiangazi ni jambo jingine. Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kuwaonyesha matumizi yake siku ya mkutano, na wale wenye watoto wagonjwa wakatengeneza chupa zao pamoja hapo hapo.

Basi kazi ya juma hili kwa kila kikundi ni tatu. Hesabuni watoto wenye kikohozi kinachorudi. Chagueni mama mmoja wa kuwasindikiza kituoni wale ambao hawajapimwa kamwe. Na ulizeni kama katika mtaa wenu kuna pompi inayofanya kazi usiku wa leo, na nani anayo.

Tuwatakie pumzi njema ninyi na watoto.